Makapi Mnayotupa Ndiyo Yenye Kazi

Haya, leo naongea na madada wa mtaani. Na nyinyi makaka mnaojificha na chupa zenu za kijani, sogeeni pia. Kwa maoni yangu, juisi haipunguzi unene.

Msimu wa harusi ukifika hapa Ndia Kuu, kila mlango utaskia neno moja: "Mie niko kwa juisi." Wiki nzima hakuna wali, hakuna mahamri. Ni tango, karoti, ndimu na tangawizi tu, ili gauni la kupamba lifunge. Binamu yangu alinunua chupa za siku 7 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, shilingi 4,200. Siku ya 5 akashikwa na kizunguzungu ngazini, tukamdaka. Kilo 3 zilitoka, ndio. Wiki mbili baadaye zikarudi zote.

Sasa zile kilo zilikuwa nini? Nyingi ni maji. Ukikata chakula ghafla, mwili unatumia akiba yake ya wanga, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji. Ikiisha, maji nayo yanatoka. Ukianza kula tena, yanarudi. Tena juisi haina protini ya maana, kwa hivyo ukikaa nayo siku nyingi hata misuli inapungua.

Halafu kuna makapi. Tunachuja, tunatupa, kumbe mle ndimo zilimo nyuzinyuzi, zile zinazokushibisha. Glasi moja ya juisi inataka machungwa kama 3. Hebu niambie, lini ulimenya machungwa 3 ukayamaliza kwa nusu dakika? Huko Uingereza, 1977, watafiti waliwapa watu 10 matufaha mazima, siku nyingine yaliyopondwa, siku nyingine juisi yake. Juisi ilinywewa mara 11 haraka kuliko kula tunda lenyewe, na ndiyo iliyoshibisha kidogo zaidi.

"Lakini si ni sukari ya asili?" Najua mtasema. Shirika la Afya Duniani (WHO), kwenye mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na bora iwe chini ya 5, yaani kama vijiko 6 vya chai. Na juisi ya matunda imo kwenye hesabu hiyo, hata usipoitia sukari. Glasi moja ya machungwa inakaribia kumaliza hivyo vijiko 6. Ya miwa ndio usiseme, si huko ndiko sukari inakotoka?

Sisemi mwage juisi. Jua la Machi likiwaka, ukwaju baridi naunywa na wala siulizwi. Lakini naunywa kama kitu kitamu, sio kama dawa ya kitambi.

Ukitaka kupungua, tunda litafune. Embe la pilipili pale Lighthouse, papai asubuhi, mchicha na maharagwe kwenye sahani, wali upunguze badala ya kuuhama. Kisha tembea. Na kama una kisukari, usifunge kwa juisi bila kumuona daktari, tafadhali.

Gauni likibana, mpelekee fundi alipanue. Hakuchaji 4,200.