Nani Aliye Bora Mwezi Huu?

Waingereza wana desturi moja ambayo mimi naipenda, nayo ni kwamba hawangoji mtu astaafu au afe ndipo wamtaje kwa wema. Katika michezo yao mingi iko tuzo ya mwezi. Mwezi ukiisha, wapenzi wa mchezo ule huulizwa: Nani aliyefanya vema? Nao huleta majina. Hata katika tenisi, ambayo sisi huku twaidhania kuwa mchezo wa mabwana wenye suruali nyeupe, wapenzi hukaa wakapendekeza wenzao wanaostahili kusifiwa kwa kazi ya mwezi mmoja tu.

Nasema mwezi mmoja tu, maana hapo ndipo penye tofauti. Tuzo ya mwaka ni jambo jingine. BBC ina tuzo yake ya mwaka ya mwanamichezo, na mshindi hupatikana kwa kura za watu wote. Wacheza tenisi wameipata mara kadhaa: Ann Jones mwaka 1969, Virginia Wade mwaka 1977, Greg Rusedski mwaka 1997, Andy Murray mara tatu, yaani 2013, 2015 na 2016, na Emma Raducanu mwaka 2021. Murray alishinda Wimbledon mwaka ule wa 2013, na tangu Fred Perry mwaka 1936 hapakuwa na mwanamume wa Uingereza aliyeshinda pale katika mchezo wa mtu mmoja mmoja. Miaka 77! (Murray ni mtu wa Scotland, na watu wa huko wana lao la kusema ukiwaita Waingereza, lakini siku ile nadhani hakuna aliyegomba.) Raducanu naye alikuwa na umri wa miaka 18, akaingia mashindano ya Marekani kwa mlango wa mchujo, akacheza mara 10 wala asipoteze hata seti moja. Watu kama hawa wana haja gani ya kupendekezwa? Hata asiyejua raketi ni kitu gani angewataja.

Lakini fikirini mwezi wa Februari, baridi imeshika, Wimbledon bado iko mbali, na kijana fulani ambaye duniani ni wa mia tatu na kitu amekwenda mji mdogo asikojulikana, akashinda mashindano madogo mbele ya watu arobaini. Magazeti hayana habari naye. Kura za nchi nzima haziwezi kumfikia kijana huyu. Anayeweza kumfikia ni yule mpenzi mmoja aliyekesha akifuata matokeo, akasema: Mimi nampendekeza huyu, na sababu yangu ni hii. Basi kupiga kura ni kuchagua katika majina uliyokwisha kupewa. Kupendekeza ni kuleta jina ambalo wenzako walikuwa hawajalifikiria. Mimi naona la pili ni gumu zaidi, tena lina heshima zaidi.

Huku kwetu Unguja tenisi si mchezo wa watu wengi, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe huwezi kutandika hata wavu bila kumzuia mtu na mkokoteni wake. Mchezo wetu ni mpira wa miguu. Ukipita Jaws Corner jioni, wazee na kahawa zao, vijana na simu zao, utasikia mabishano ya mchezaji bora yakiendelea hadi kahawa inaisha. Bara huko, Kamati ya Tuzo ya TFF humteua mchezaji bora wa mwezi wa Ligi Kuu. Klabu ya Simba nayo mnamo mwaka 2021 ilikuwa na tuzo ya mashabiki ya kila mwezi, wapenzi wakipiga kura zao kwa njia ya intaneti. Katika Ligi Kuu ya Uingereza wamechanganya yote mawili: kura za watu hujumlishwa na za manahodha wa timu na za jopo la wataalamu, ili wingi wa watu usiwe ndio neno la mwisho.

Na wingi wa watu ni jambo la kuangaliwa. Chukueni msimu wa 2023/24. Feisal Salum, kijana wetu wa hapa Zanzibar, ambaye alitoka Yanga akahamia Azam mwaka 2023 baada ya mvutano mrefu wa mkataba, alifunga mabao 19. Stephane Aziz Ki wa Yanga alifunga 21, akawa mfungaji bora. Hiyo ni hesabu, na hesabu haina ugomvi. Lakini laiti ingekuwa ni kura, Feisal angepata wapi watu? Azam haina jeshi la mashabiki kama la Yanga au la Simba, na wapo wa Yanga ambao hata jina lake hawakutaka kulisikia tena. Angeangushwa mbali sana, wala si kwa mabao mawili. Nimelisema hili barazani mara nyingi nikaambiwa mimi ni mtu wa Azam. Si kweli, lakini nimechoka kukana.

Kuna mfano mwingine ulio karibu na tenisi yenyewe. Angella Okutoyi wa Kenya alizaliwa mwaka 2004 pamoja na pacha wake, na mama yao akafariki baada ya kuwazaa. Bibi yao ndiye aliyewalea, naye alikuwa mfanyakazi katika skuli ya Loreto Convent Valley Road mjini Nairobi. Katika viwanja vya skuli ile ndipo mtoto alipoanza kushika raketi. Julai 2022 akashinda Wimbledon ya vijana, mchezo wa wawili wawili, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko, na tie-break ya mwisho ilikwenda 11 kwa 9. Huyo Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo, mwaka 2025 alishinda mashindano makubwa ya Canada kule Montreal, kwa hiyo msidhani Okutoyi alishindana na watu hivi hivi. Machi 2024 akaleta tena dhahabu ya michezo ya Afrika kutoka Accra. Waandishi wa michezo wa Kenya wana tuzo yao ya mwezi, ambayo kwa miaka kadhaa wameitoa pamoja na kampuni ya LG, na humo mcheza tenisi hupimwa pamoja na mabondia, wacheza mpira na wale wakimbiaji wao wanaovunja rekodi za dunia. Katika nchi ya wakimbiaji, lazima pawe na mtu wa kusimama na kusema: Na tenisi je?

Sasa nije nyumbani. Mimi ni karani wa parokia hapa mjini. Nilisomea ualimu chuoni, lakini kazi iliyonipata ni ya daftari, na miaka kumi na zaidi nimeandika majina ya watu: jina, tarehe, wazazi, shahidi. Pengine kwa sababu hiyo, baada ya Idi ya mwaka 2025, vijana wa mtaa mmoja wa Ng'ambo walinijia. Wana timu yao, hucheza jioni kwenye kiwanja cha mchanga, na mwenye duka mmoja alikuwa amewaahidi zawadi ya mchezaji bora wa kila mwezi: kilo tano za sukari na jozi ya soksi za mpira. "Shikamoo, Karani," wakasema, "twataka mtu wa kukusanya karatasi ambaye si wa timu wala si wa mtaa." Nikakubali. Tukapata wazee wawili wa kukaa nami, mmoja refa mstaafu na mwingine fundi cherehani, na jina la mshindi likawa litabandikwa kwenye ukuta wa kinyozi.

Mwezi wa kwanza zikaja karatasi sitini na mbili. Hamsini hazikuwa na kitu ila jina la mshambuliaji wao, kijana mwenye mbio na mashuti ya kutisha, na kumi na saba katika hizo ziliandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja wa kijani. Tukampa, kwani kweli alikuwa amefunga. Lakini fundi cherehani alisema neno lililonikaa: "Karani, hawa hawakupendekeza. Wamepiga kelele kwa maandishi."

Mwezi wa pili tukaweka sharti, kila karatasi iwe na sababu, na isiyo na sababu isihesabiwe. Karatasi zikashuka hadi kumi na tisa. Yalikuwa makaratasi mazuri sana, na natamani wasomaji mngeyaona. Mmoja aliandika kuhusu kiungo ambaye hupoteza mpira lakini siku zote huurudia mwenyewe asimlaumu mtu. Mwingine alimpendekeza mdogo wake, akakiri kwamba ni mdogo wake, ndipo akaeleza. Na bi mkubwa mmoja auzaye kachori na bajia pembeni ya kiwanja alimwandikisha mjukuu wake maneno haya: Nampendekeza yule beki mrefu, kwa sababu tangu aanze kucheza yeye mpira haujaanguka kwenye karai langu.

Tulicheka. Kisha refa mstaafu akaacha kucheka akasema: "Ngojeni kwanza. Bibi huyu ameona jambo." Akatueleza kwamba beki wa mchangani, mpira ukimjia kwa kasi, huupiga popote ili aokoe roho yake, ndiyo maana mipira huingia nyumbani mwa watu. Beki ambaye mipira yake haitoki nje ni beki anayetuliza, anayeinua kichwa na kumtafuta mwenzake. Yule bibi ameketi pale kila jioni kwa miaka, hajui mambo ya mfumo wala namba za wachezaji, lakini karai lake limemfundisha kuhesabu. Tukabishana hadi taa za barabarani zikawaka. Fundi alimtaka yule mshambuliaji, maana mwezi ule alifunga mabao sita, na mabao sita si mzaha. Mimi na refa tukasimama na beki.

Jina la beki lilipobandikwa kwa kinyozi, pamoja na sababu yake neno kwa neno, mtaa mzima ulikuja kusoma. Kumbe kijana huyu alikwisha kuaga wenzake kwamba anakwenda Nungwi kutafuta kazi ya hoteli, kwa kuwa mpira haumpi kitu na hakuna amwonaye. Kazi ameipata kweli, lakini siku zake za mapumziko hushuka na daladala mjini kuja kucheza. Sisemi ni kwa ajili ya ile karatasi. Nauli anajilipia mwenyewe, nami sijamwuliza.

Mwenye duka hakufurahi. Yeye ni ami yake yule mshambuliaji, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza. Alinipigia simu akaniuliza, kwa adabu lakini kwa sauti ya mtu aliyebana meno, tangu lini bajia zikawa na kura. Nikamjibu kwamba kura hazikuwako, zilikuwako sababu, na kama anayo sababu yake na ailete kwa maandishi. Mwezi uliofuata sukari haikuja, wala soksi. Vijana wakafanya kikao, wengine wakataka turudie utaratibu wa kwanza ili zawadi irudi. Nilidhani wangeshinda, maana kilo tano za sukari kwa nyumba yenye watoto sita si jambo dogo, na asiye na njaa asiwacheke wenye nayo. Lakini wengi wakasema ubandikwe ukuta tu. Basi sasa hakuna zawadi ila ukuta wa kinyozi, na karatasi zimeongezeka zikafika thelathini na moja.

Yule mshambuliaji mwenyewe alinifuata ofisini siku moja mchana, akaamkia, akakaa. Aliomba asome yaliyoandikwa juu yake. Nikamtolea bahasha. Alikuta amepata karatasi nyingi, na karibu zote zilisema neno moja: anafunga. Akazipitia mara mbili. Kisha akaomba za yule beki, nazo nikampa, maana hazina siri. Alizisoma taratibu sana, ile ya bibi wa bajia akaisoma kwa sauti. Akasema, "Karani, hawa wa kwangu hawanitazami. Wanautazama mpira ukiingia." Akanishukuru akaenda zake.

Juzi ameleta karatasi yake. Ni nusu ukurasa, herufi zake zimepinda, na nukta hakuna hata moja. Anampendekeza golikipa wa timu ya mtaa wa pili, waliocheza nao wiki mbili zilizopita, aliyemzuilia mashuti manne, na anaeleza moja moja jinsi alivyozuiliwa: la kwanza alivyosogezwa pembeni bila kujua, la pili alivyosomwa macho, na kuendelea. Shida ni kwamba kanuni yetu yasema mchezaji awe wa timu hii. Fundi tayari amesema haiwezekani. Refa asema kanuni tuliiandika sisi wenyewe kwa kalamu, nayo kalamu ipo. Kikao ni Jumamosi baada ya laasiri, na karatasi ninayo mfukoni.