Kiungulia cha Mama

Msomaji, mama yangu aliposhika kifua chake katikati, sote nyumbani tulisema ni kiungulia. Alikuwa amekula maharagwe mchana. Mimi, mwalimu niliyehitimu chuoni, nilimpa maziwa nikarudi kusahihisha madaftari.

Ni kweli kwamba asidi ya tumbo ikipanda huunguza hapo hapo. Misuli ya mbavu iliyochoshwa na mizigo ya kuni huuma pia, na hofu kuu hubana kifua. Lakini moyo unaokosa damu huuma mahali pale pale. Na kwa wanawake, mara nyingi kuliko kwa wanaume, maumivu hayo hufuatana na kichefuchefu, kuhema, uchovu usio na sababu, au maumivu ya taya na mgongo, hata yakadhaniwa kuwa ya tumbo. Mama alikuwa akitokwa na jasho la baridi, na asubuhi ile alishindwa kuinua ndoo. Niliyaona hayo yote, nisiyafahamu.

Usiku wa manane tulimfikisha hospitali. Mashine ya kupima moyo ilionyesha kilichotokea. Daktari akaniuliza maumivu yalianza saa ngapi. Nilikawia kumjibu: saa moja ya jioni.

Mama yu hai, ila siku hizi hafiki kisimani bila kupumzika mara mbili njiani.