Gunia la Kanisa na Gunia la Soko



Ninaandika ushuhuda huu kwa ajili ya Wakristo wenzangu wanaotafuta riziki sokoni, kwa sababu huko ndiko Mungu alikonikuta. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo: nanunua vijijini Njombe, nauza Dar es Salaam. Nimelelewa katika nyumba ya Kilutheri. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya ya vijana, na baadaye nikachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Niliomba, nilifunga, nilitoa fungu la kumi, tena kwa moyo. Sikuwa naigiza. Ila palikuwa na sehemu moja ya maisha yangu ambayo sikuwahi kuileta mbele za Mungu, wala hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Sehemu hiyo ni gunia.

Asiyekaa karibu na mashamba huenda amelisikia tu neno lumbesa, kwa hiyo nieleze inavyofanyika. Mkulima anauza kwa gunia, hauzi kwa kilo. Mnunuzi anakuja na magunia yake pamoja na vijana wake wa kujaza. Kijana anamimina viazi mpaka mdomoni, kisha analinyanyua gunia na kulibwaga chini mara kadhaa ili viazi vishikamane. Pale lilipotakiwa kushonwa, anaunganisha kipande cha gunia jingine, anakishona kuuzunguka mdomo kwa shazia na kamba, halafu anaendelea kujaza mpaka juu kinasimama kilemba. Sheria ya Vipimo, Sura 340, imekataza ufungashaji wa namna hiyo, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa inapita hapo kwa mbali, lakini mkulima analipwa bei ya gunia moja.

Mnunuzi anafaidika njia nzima. Nauli ya lori ni kwa gunia, ushuru ni kwa gunia, mpagazi naye analipwa kwa gunia hata kama mgongo wake unabeba gunia na nusu. Mzigo ukishafika Dar es Salaam tunaugawa kwa ndoo na sado, na hapo kila kiazi kinahesabiwa. Walionifundisha kazi walinifundisha hivyo, na kila niliyemkuta sokoni alifanya hivyo. Nilikuwa na jibu moja tu: ndivyo soko lilivyo.

Msimu mmoja lori langu lilichelewa kujaa, nikalazimika kulala kijijini Jumamosi. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno. Wakulima walijaa kanisani na mahindi, maharage, mayai, kuku waliofungwa miguu, na magunia ya viazi. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada. Nilishindania gunia moja la viazi mpaka likawa langu, na nilifurahi kwamba nimemtolea Mungu. Lilikuwa gunia zuri, limejazwa kwa kipimo, limeshonwa mdomo ukiwa umelala.

Vijana wangu wakaja kulichukua. Mmoja, shazia mkononi, akaniuliza, “Mama, na hili tulipige kilemba?”

Nikamjibu haraka, “Hapana, hilo ni la kanisa.”

Bibi mmoja alikuwa amesimama pembeni yetu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimenunua viazi vyake. Tulikuwa tumeamkiana vizuri asubuhi ile, “Kamwene,” “Kamwene,” tukaketi benchi moja. Akalitazama gunia, akatazama lori, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Na yale ya jana, mwanangu, yalikuwa ya nani?” Kisha akajitanda kitenge chake, akaondoka na wenzake.

Njia nzima ya kurudi, Makambako, Iringa, Morogoro, nilikuwa nimekaa karibu na dereva bila neno. Mambo niliyoyajua tangu utotoni yalinirudia kwa mpangilio mwingine. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Mungu anamkataza mtu asiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja kubwa na moja dogo. Mahubiri ya mistari hiyo nilikuwa nimeyasikia na kuyapita, kwa kuwa sikuwa na mawe. Sasa niliona kwamba viazi ni vya shamba moja, mkulima ni yuleyule, na mimi nilikuwa na magunia mawili: la Jumapili lenye mdomo uliolala, na la Jumamosi lenye kilemba. Nabii Amosi, aliyekuwa mfugaji wa Tekoa, aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliohesabu saa za sabato ili iishe waanze kuuza nafaka kwa efa iliyopunguzwa na shekeli iliyoongezwa. Watu wale walishika sabato. Walikuwa wanaabudu, na huku akili iko kwenye kipimo.

Tulipokuwa darasa la kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Kwenye amri ya saba, ile ya kutoiba, maelezo yake hayaishii kwa mwizi anayevunja mlango. Yanataja pia mali inayopatikana kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila. Kisha yanakwenda mbali zaidi: yanamtaka Mkristo amsaidie jirani mali yake na riziki yake vistawi na kulindwa. Niliyasema maneno hayo mbele ya mchungaji bila kukosea hata neno moja, na nikawekewa mikono. Ndani ya lori lile ndipo nilipoelewa kwamba nusu ya pili ya maelezo yale ilikuwa inamhusu bibi wa kijijini. Mungu alikuwa ameniagiza niwe mlinzi wa viazi vyake.

Kilichoniumiza zaidi ni sadaka. Mfalme Sauli aliwaacha hai kondoo wazuri wa Waamaleki, na Samweli alipomuuliza, alisema ni kwa ajili ya kumtolea Bwana. Jibu la Samweli kila Mkristo analijua: kutii kunapita dhabihu. Fungu langu la kumi lilitoka kwenye vilemba. Nilikuwa namletea Mungu sehemu ya mali ya maskini wake, na kupokea pongezi za usharika.

Nilimfuata mchungaji wangu. Nilitegemea aniombee, nipate amani, nirudi kazini. Aliniombea, kisha akaniuliza, “Nani anakudai?” Sikuwa na jibu, akanirudisha nyumbani nikalitafute. Stoo kulikuwa na lumbesa ambazo hazijauzwa. Nikaazima mizani, nikapandisha moja. Ilisoma kilo 138. Nilikuwa nimelipia gunia la 100. Kilo 38 za mtu mwingine zilikuwa zimelala ndani ya stoo yangu, na nilikuwa na daftari la misimu iliyopita lenye majina ya wakulima na idadi ya magunia. Deni likawa na majina.

Katika jumuiya yetu yuko mzee mmoja mzaliwa wa Bukoba. Alitusimulia habari za wazee wake wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda, Gahini alikofanya kazi Daktari Joe Church na Kampala alikoishi Simeoni Nsibambi, ukafika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Alisema watu walioguswa na Uamsho hawakutambuliwa kwa nyimbo peke yake. Walionekana njiani wakirudisha vitu vya wizi, wakilipa madeni ya zamani, wakibisha hodi kwa watu waliowakosea. Nilipomwambia habari ya daftari langu hakushangaa. Aliniambia, “Basi njia unaijua. Nenda.”

Lakini kabla ya kwenda ilinipasa kuelewa jambo moja, maana ningeweza kufanya yote hayo kwa hofu, nikidhani nalipa ili Mungu anikubali. Someni Luka sura ya 19 kwa mpangilio wake. Yesu alimwita Zakayo kwa jina na kuingia nyumbani mwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Ahadi ya kurudisha mara nne ilitoka kwa mtu aliyekwisha kupokelewa. Na Walawi sura ya 19, inapodai mizani ya haki, inataja sababu yake: Mungu ndiye aliyewatoa Israeli katika nchi ya Misri. Huko Misri walipimiwa kazi kwa udhalimu. Walinyimwa majani, na hesabu ya matofali ikabaki ileile. Watu waliookolewa kutoka kwenye kipimo cha Farao hawakuwa na ruhusa ya kuwapimia wengine kwa kipimo hicho. Nilitii kwa sababu nimekombolewa kwa damu ya Kristo, na nguvu ya kutii ilitoka hapohapo.

Msimu uliofuata nilikwenda na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, daftari na pesa. Nilipita nyumba kwa nyumba. Wapo waliocheka kwa furaha, wapo waliodhani ni mtego. Bibi yule nilimkuta uani akichambua mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapokea haki yake, kisha akasema hataki niondoke kabla sijamfundisha kusoma mizani. Tukaning'iniza ndoo ya viazi kwenye tawi la mti, nikamwonyesha mshale na namba. Akaongeza viazi, akapunguza, akasoma mwenyewe, akawaita majirani.

Haikuwa hivyo kila nyumba. Baba mmoja aliniambia kwamba mwaka ule niliompunja, mtoto wake alirudishwa kutoka shule kwa kukosa ada, akaacha masomo moja kwa moja. Alizishika noti nilizompa na kuniuliza zitamrudisha mtoto darasani vipi. Nilimwomba msamaha. Alichukua pesa, mkono hakunipa. Naliandika hili kwa sababu shuhuda nyingi hulificha: toba hurudisha mali, lakini haiurudishi wakati. Bado namwombea yeye na mwanawe, na kila nikijaribiwa kulegeza kipimo, naikumbuka sura yake.

Wengine sikuwapata. Walikuwa wamehama, au wamefariki, au daftari lilisema tu “mzee wa bondeni”. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinaagiza kwamba aliyedhulumu arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano, na kama hakuna ndugu wa kupokea, mali hiyo ni ya Bwana. Kwa ushauri wa mchungaji, pesa zao zilinunua mizani kubwa ya kikundi cha wakulima wa kijiji kile. Mnunuzi yeyote anayefika sasa anakuta mizani inamsubiri.

Sitawadanganya kuhusu faida. Ilipungua, na haijarudi ilipokuwa. Mwenzangu wa biashara alijitoa. Madalali walisema naharibu soko, na wateja waliozoea lumbesa walihamia kwa wengine. Mimi na mume wangu tulisimamisha ujenzi wa nyumba, kuta zikasubiri bati. Tulijadiliana usiku mwingi, naye ndiye aliyenitia moyo siku nilizotaka kurudi nyuma. Tuliishi, watoto walikula, na Mungu hakutuacha. Hilo ndilo ninaloweza kulishuhudia kwa uaminifu.

Liko pia jambo ambalo sikulitarajia. Zamani nilipofungua magunia Dar es Salaam nilikuta viazi vibovu chini, vidogo katikati, hata udongo. Nililalamika kwamba wakulima si waaminifu. Walikuwa wanajilinda kwa njia waliyoiweza dhidi ya kilemba changu. Nilipoanza kulipa kwa kilo, mbele ya macho yao, viazi vibovu vikatoweka vyenyewe, na siku hizi wananipigia simu kunieleza kwamba mzigo wa wiki hii ulinyeshewa, nisubiri ukauke. Dhuluma yangu ilikuwa imewafundisha hila. Utii wa mtu mmoja nao unafundisha. Na wapagazi sokoni, vijana ambao zamani niliwapita bila salamu, hugombea kushusha lori langu, kwa sababu magunia yake yanabebeka.

Ndugu yangu unayesoma, huenda hujawahi kugusa gunia. Lakini kipimo unacho. Mwalimu anacho katika dakika za kipindi chake na daftari analosahihisha. Nesi anacho katika namna anavyomwita mgonjwa asiye na pesa. Fundi anacho katika mifuko ya saruji aliyokabidhiwa na ile iliyofika ukutani. Bosi wa nyumbani anacho katika mshahara wa dada anayemlelea watoto, na saa anayomruhusu kulala. Hapo ndipo jirani anapoijua imani yetu, kwa maana kanisani anatuona tukiwa tumevaa vizuri na maneno yameandaliwa.

Mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe mahali ambapo una vipimo viwili, kimoja cha Mungu na kingine cha watu. Akikuonyesha, usingoje semina wala mkutano wa injili. Tafuta jina la mtu mmoja unayemdai haki yako bila kumpa yake, umwendee wiki hii, hata kama unachoweza kulipa kwa sasa ni sehemu tu ya deni. Ukiogopa, mchukue mchungaji au ndugu unayemwamini muende pamoja. Kristo aliyeingia nyumbani kwa Zakayo ataingia nanyi katika nyumba hiyo. Nami nawaombeni mniombee, maana msimu wa viazi umeanza tena na bei iko juu, ili mizani yangu ibaki ya haki mpaka mwisho.