Daftari la Watu Saba



Mama yangu hunipigia simu kutoka Mji wa Kale, Mombasa, kila Alhamisi baada ya Isha. Majuma machache yaliyopita aliniuliza nilikuwa katika shughuli gani hata nikashindwa kumjulia hali kwa siku kadhaa. Nikamweleza kwamba tulikuwa tukizipima programu tatu za kompyuta, tuchague moja ya kuendeshea kazi zetu za ofisini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaani, mwanangu, watu wazima saba mmekaa wiki mbili mkichagua daftari?"

Nilicheka nikamwambia si daftari. Lakini simu ilipokatika niliona kwamba amesema kweli, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimesahau daftari ni la nini. Kwa kuwa nyumba nyingi za pwani siku hizi zina mtoto aliyekwenda bara kwa kazi za namna hii, nimeona niwasimulie yaliyotupata.

Huu ni mwaka wangu wa nne Eldoret. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mimi huvaa koti zito juu ya buibui. Wenyeji bado huuita Sisibo, kwa ile namba 64 ya shamba ambalo mji ulianzia. Ofisini tuko saba, nami ndiye msimamizi wao. Tunaandika programu ya kuhesabu dawa katika zahanati: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, na lini pana haja ya kuagiza nyingine.

Kazi ya namna hii zamani ilifanywa kama ujenzi wa ghorofa: ramani yote kwanza, kisha miaka ya kujenga, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka siku ya kukabidhiwa ufunguo. Mara nyingi alikuta nyumba asiyoitaka. Februari 2001 watu 17 wa fani hii walikutana katika milima ya Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi la kuipa jina njia nyingine, nayo ikaitwa ajaili, maana yake wepesi wa kugeuka. Unajenga chumba kimoja, mwenye nyumba anakilalia, anakwambia dirisha limekaa vibaya, unarekebisha, ndipo unajenga cha pili. Sisi tunakwenda kwa mikupuo ya wiki mbili mbili. Kila asubuhi tunasimama dakika 15, kila mtu aseme alichofanya, atakachofanya, na kinachomzuia. Mbele yetu pana ubao wenye kadi, kila kadi ni kazi moja, na kadi husogea kutoka safu ya "Itafanywa" hadi "Inafanywa" hadi "Imekwisha". Mtindo huo wa kadi asili yake ni viwanda vya magari vya Toyota huko Japani. Programu tulizokuwa tukizipima ni ubao huo uliotiwa ndani ya kompyuta.

Sasa niseme kilichotufanya tuzipime.

Miezi mitatu kabla ya simu ya mama, palikuwa na kadi ya kuiwezesha programu yetu iendelee kuhesabu dawa hata mtandao unapokatika, na mtandao ukirudi hesabu zipelekwe zinakohifadhiwa. Aliyekabidhiwa alikuwa kijana mgeni kwetu, hodari, mwenye haya. Siku ya tisa ya mkupuo, katika kikao cha asubuhi, alianza kusema, "Imekwisha, ila kuna jambo moja..." Nami nilikuwa na ripoti ya kuwapelekea wakubwa saa nne. Nikamkatiza: "Imekwisha au haijaisha?" Akanitazama, akasema, "Imekwisha, dada." Nikaisogeza kadi kwa mkono wangu mwenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mtandao ukikatika na kurudi mara mbili kwa haraka, mzigo uliopokelewa mara moja uliandikwa mara mbili. Ofisini kwetu, ambako mtandao hautikisiki sana, alikuwa ameliona mara moja tu. Katika zahanati moja ya kijijini likatokea kila siku. Kompyuta ikaonyesha kwamba dawa za shinikizo la damu zimejaa kabatini, ilhali zilikuwa zikipungua. Agizo halikupelekwa. Kwa siku nne wazee waliotoka mbali kwa miguu walirudi mikono mitupu. Hatukupata habari ya aliyefikwa na kubwa zaidi, na hilo namshukuru Mungu. Lakini kutopata habari si sawa na kutotokea, na fikira hiyo hainitoki ninapolala.

Wakubwa walipotaka maelezo, jibu lilipatikana upesi: ubao wetu ni dhaifu, itafutwe programu bora. Nakiri kwamba nililipokea shauri hilo kwa nafuu moyoni, kwa kuwa liliutwika ubao lawama iliyokuwa yangu.

Tukazipima tatu, kila moja siku chache, kwa kazi zetu za kweli. Sizitaji kwa majina, maana siku chache za watu saba si haki ya kuhukumia kazi ya maelfu. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama meli. Kila kadi ilidai kujazwa nafasi nyingi, na ilitoa michoro mizuri ya kasi ya kazi. Siku ya tatu niligundua kwamba wenzangu walikuwa wakizijaza kadi jioni, baada ya kazi kwisha, ili michoro ipendeze. Ya pili ilikuwa nyepesi, mtoto wa darasa la nne angeitumia. Lakini kadi zilipozidi arobaini hatukujua tena ipi inaisubiri ipi. Ya tatu ilikuwa ya bure na ya wazi, tukaiweka katika seva yetu wenyewe. Ilikuwa yetu kabisa, na kwa hiyo mzigo wa kuilinda na kuitunzia nakala ulikuwa wetu pia, ukamwangukia yule yule ambaye angepaswa kuwa zahanati.

Katika kupima huko nilijifunza mambo ambayo yatamfaa yeyote mwenye kuchagua kitu cha namna hii, awe wa ofisi, wa shule au wa kamati ya msikiti. Uliza bei itakuwaje mkiwa ishirini, si mkiwa saba, kwa sababu nyingi hulipiwa kwa kichwa, kila mwezi, kwa dola. Uliza kama unaweza kuondoka na maandishi yako yote siku ukitaka kuhama. Kampuni ya Atlassian ya Australia, yenye Jira na iliyoinunua Trello mwaka 2017, iliacha Februari 2021 kuuza leseni mpya za kuweka programu zake katika seva ndogo ya mteja, na Februari 2024 ikaacha kuzihudumia zilizokuwapo. Waliokuwa nazo ikawabidi kuhamia katika seva za kampuni, au kununua toleo la wateja wakubwa, au kutafuta pengine. Ilikuwa haki yake, na ilitangaza mapema. Lakini mpangaji na ajue kwamba ni mpangaji. Kisha uliza nani anaona nini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nasi tulijiwekea kanuni kwamba jina la mgonjwa lisiandikwe katika kadi hata kwa dharura.

Mwisho wa wiki ya pili nilikuwa na jedwali la maswali 12 na alama za kila programu. Jumla zilikaribiana mno. Nikamwita yule kijana, nikamuuliza yeye angechagua ipi. Akaliangalia jedwali kwa makini, akajibu pasipo kejeli yoyote: "Yoyote, dada. Katika zote tatu ninaweza kuandika 'Imekwisha'."

Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Lile tamko la mwaka 2001, ambalo wenye programu hizi zote hujinasibisha nalo, jambo lake la kwanza kabisa ni kutanguliza watu na mazungumzo yao mbele ya taratibu na zana. Nilikuwa nalijua tangu chuoni, na nilikuwa nimetumia wiki mbili kupima zana.

Kesho yake nilipanda matatu nikaenda kwenye zahanati ile kumwomba muuguzi msamaha. Alinipokea vizuri, kisha akafungua mtoto wa meza akatoa daftari la kurasa 96, lenye jalada lililochanika. Ndani yake alikuwa akihesabu dawa kwa kalamu ya risasi, kila jioni, tangu siku tuliyomletea kompyuta. Alijua tangu siku ya pili kwamba dawa zinakwisha. "Nilimwambia aliyeleta mashine," akasema, "akaniambia mashine haikosei." Katika programu yetu hapakuwa na mahali pa mama yule kuandika kwamba kabati na kompyuta havisemi lugha moja.

Njiani nikirudi nikaikumbuka historia ya huku huku. Mwaka huo huo wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, ulianza kutumika mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, uliojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na kazi hiyo, na haja kubwa ya kuwatunza wagonjwa wa Ukimwi chini ya mpango wa AMPATH, ndipo ulipozaliwa OpenMRS, ulioanza kazi Eldoret mwaka 2006 na sasa unatumika katika nchi nyingi, bure kwa anayeutaka. Katika siku zile matabibu waliendelea kujaza fomu za karatasi walizozizoea, na makarani wakaziingiza katika kompyuta. Mtu wa mjini angeweza kuwacheka. Mimi sasa naona waliheshimu mkono uliokuwa tayari unashika kalamu.

Tulichagua ile nyepesi. Upungufu wake wa kadi nyingi tuliutibu kwa kanuni: kadi zisizidi thelathini ubaoni, na ya ziada isubiri. Kisha tukafanya mambo mawili ambayo hayakumo katika jedwali langu. La kwanza, tuliongeza safu ya nne, "Imekwama", na mimi nikawa wa kwanza kuweka kadi yangu humo, mbele ya wote. La pili, neno "Imekwisha" tukamnyang'anya mwandishi wa programu, nami pia nikajinyang'anya. Sasa hutamkwa na mwenye kuitumia kazi hiyo, akiwa kazini kwake, na mtandao wake mbovu. Katika programu yenyewe tuliweka kitufe kimoja cha muuguzi: "Kabati halilingani."

Sidai kwamba tumepona. Juma lililopita kadi moja ilikaa "Inafanywa" siku sita kabla mwenyewe hajasema kwamba haelewi alichopewa. Haya ya kusema "nimeshindwa" haitoki kwa kuongeza safu. Lakini huu ni mji wa wakimbiaji, nao wenyewe hutukumbusha. Eliud Kipchoge, ambaye hujinoa Kaptagat jirani na hapa, alipokimbia marathoni chini ya saa mbili huko Vienna, Oktoba 12, 2019, alizungukwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kwa makundi. Kundi likitimiza zamu yake lilitoka, jingine likaingia, na hakuna aliyemcheka aliyetoka.

Alhamisi iliyofuata nilimweleza mama yote, pamoja na lile la kumkatiza kijana. Mama ameshika daftari la chama cha akina mama wa mtaa wetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikamuuliza, "Mama, katika miaka yote hiyo, mtu akikosa fedha ya zamu yake mlikuwa mkifanyaje?"

"Alikuja kwangu kabla ya kikao," akasema. "Niliwaambia siku ya kwanza: aliyekwama aje jikoni mapema, tutapanga. Atakayengoja mpaka kikaoni, huyo ndiye ataaibika."

"Na walikuja?"

"Mwanzo hawakuja. Wakaja nilipokwama mimi, mwaka ule baba yako alipougua, nikawaendea nyumbani mmoja mmoja nikawaambia sina."

Sikuwa na habari hiyo. Nilikuwa msichana mdogo, na nilichokikumbuka ni daftari tu, jalada lake la kijani, juu ya kabati la vyombo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, yule kijana alikuja mezani kwangu akaniambia kazi yake imemshinda. Nilikuwa na ripoti ya saa nne. Nikamvutia kiti.