Sukari ya Mama Mkwe wa Wamunyu

Tunataka kuzungumza juu ya bibi mmoja aliyepindukia miaka 70, aishiye Wamunyu katika kaunti ya Machakos, kando ya barabara iendayo Kitui. Ni mama mkwe wetu, na ana maradhi ya sukari. Tumeona kuna faida kulieleza jambo lake, kwani nyumba nyingi za Pwani zina mzee wa namna hii, na mawaidha mengi huelekezwa kwa mgonjwa, ilhali anayemtunza huachwa abahatishe.

Watu wa Mombasa huzijua kazi za Wamunyu hata kama hawajafika huko. Vinyago vya twiga na simba vichongwavyo Changamwe ni tawi la ufundi ulioota Wamunyu kwa mkono wa Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Marehemu baba mkwe wetu alikuwa miongoni mwa wachongaji walioteremka Pwani. Mwenzetu akakulia Changamwe, akasilimu kabla ya ndoa yetu. Mama yake alirudi kwao baada ya kufiwa na mumewe, na hadi leo ni Mkristo asiyekosa kanisani Jumapili.

Wapo waliotuuliza kwa nini tutoe nauli na fedha za dawa kila mwezi kwa asiyekuwa wa dini yetu. Suali hilo lilikwisha kuulizwa zamani na aliye bora kuliko wao. Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake Madina, naye mama bado ni mshirikina, akamwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza kama amuunge, akaamrishwa amuunge. Hatuoni haja ya kuongeza neno.

Shauri la kwanza la ukoo lilikuwa aletwe Mombasa. Alikataa, akauliza mbuzi wake watachungwa na nani. Baadhi ya jamaa waliyachukua maneno hayo kuwa ni ukaidi wa uzee. Sisi tulipoyapima tuliona ana haki. Wamunyu hutembea asubuhi na jioni, hulima kwa kadiri ya nguvu zake, hula muthokoi, mbaazi, kunde na mboga za shambani. Mahindi nayo ni wanga, kweli, na sahani yake ilibidi ipunguzwe. Lakini yakichanganywa na kunde, sukari yake huingia mwilini polepole. Mombasa tungemweka ghorofani, mlango umefungwa, kisha kwa mapenzi tumpe mahamri na chai tamu asubuhi, na wali wa nazi mchana. Basi akabaki kwao, na sisi tukawa watu wa kupanda gari.

Mama huyu hudungwa insulini asubuhi na jioni. Nyumba haina friji, na jua la Ukambani halina huruma. Chupa ambayo haijafunguliwa hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo huwekwa katika friji ya duka la dawa sokoni, naye huchukua moja moja. Iliyofunguliwa hudumu kama wiki nne ikiwa haikupatwa na joto kali. Hiyo huwekwa ndani ya chungu kidogo, kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, na juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huondoka na joto. Hewa kavu ya bara huifanya kazi hii vizuri kuliko hewa yetu ya chumvichumvi, na wenye kutaka kuiga Pwani wasitarajie ubaridi ule ule.

Lililotutisha zaidi halikuwa sukari kupanda. Jamaa mmoja mwenye bidii aliondoa sukari yote nyumbani, akaamuru chakula cha usiku kiwe kikombe cha uji mwepesi. Sindano ikabaki kipimo kile kile. Insulini haiulizi kama umekula au hukula, hushusha tu. Usiku mmoja mama akatoka jasho, akatetemeka, akawa mkali, akimwita mjukuu wake kwa jina la marehemu mumewe. Waliokuwapo walidhani ni malaria. Mmoja akataja majini. Mjukuu, msichana wa kidato cha pili, ndiye aliyechukua mashine ya kupimia, akaona namba iko chini ya 3, akakimbia kwa jirani kuomba sukari. Vijiko vitatu katika maji, akanywa mwenyewe kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, na kabla ya nusu saa akauliza kwa nini watu wamejaa chumbani. Lau angekuwa amezimia, kumtia maji kinywani kungempalia. Hapo ni kukimbilia hospitali.

Daktari alipunguza kipimo cha dawa, akatueleza kwamba mzee wa umri ule hatafutiwi namba za kijana. Kupanda kidogo ni nafuu kuliko kushuka, kwani kushuka humwangusha mtu na huweza kumuua usiku mmoja. Tangu siku hiyo kuna mkebe wa sukari kitandani kwake. Wageni hushangaa.

Miguu nayo ina habari yake. Kwa sharia yetu mama mkwe ni maharimu, na hakuna dhambi mkwe kumtazama mguu kwa matibabu. Lakini kwa Wakamba kuna nthoni, ile haya na heshima baina ya mkwe na mama mkwe, nasi hatukutaka kuivunja kwa hoja za fikihi. Kazi hiyo ni ya mjukuu: kila jioni humtazama nyayo na baina ya vidole kwa mwanga wa tochi, maana sukari ya miaka mingi huua hisia, na mwiba wa mgunga huweza kukaa siku tatu bila ya mwenyewe kujua. Wazee wetu wenye kutawadha mara tano wana fursa hiyo mkononi, ila kuosha si kutazama, na maji yakiachwa kati ya vidole huleta kuvu.

Kwa walio na wazee Waislamu, tuseme na la Ramadhani. Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Jidda mwaka 1997 lilipitisha kwamba sindano ya tiba chini ya ngozi haifunguzi, isipokuwa ya lishe. Basi mzee aliyeruhusiwa na daktari kufunga asiache dawa kwa kuhofia saumu yake. Sukari ikishuka chini ya 4, afungue papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika tano. Na asiyeweza kabisa, wala hatarajiwi kupona, fidia yake ni kibaba cha chakula kwa masikini kwa kila siku. Wako akina mama wanaofunga kwa siri, wakiona haya mbele ya wakaza wana wao. Wakaza wana wawaondolee haya hiyo, wawe wa kwanza kuwaandalia chakula cha mchana.

Mama wa Wamunyu sasa haoni vizuri alama za bomba la sindano. Mjukuu atamaliza shule mwakani, na huenda akaenda mbali. Mwezi ujao mwenzetu atampeleka kupimwa macho, na ukoo utakaa tena kuamua nani atakayehamia nyumba ile yenye mbuzi.