Ajali Haina Kinga?

Ndugu msomaji, katika nyumba ya msiba hakuna neno linalotutoka kwa wepesi kama hili: "Ajali haina kinga." Neno ajali tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mja kuondoka duniani. Siku hiyo hakuna aijuaye ila Mwenyezi Mungu. Lakini sisi tumelitwaa neno hilo tukalivika kila gari lililopinduka na kila pikipiki iliyogonga, hata ikawa mwenye kosa hana kosa.

Vijana wetu wengi wa pwani huenda kutafuta riziki katika nchi ya dhahabu: Geita, Kahama na Shinyanga. Huko machimboni hubebana kwa pikipiki, pengine watu watatu juu ya moja, usiku, katika njia za vumbi. Nilipokwenda kumzuru mwanafunzi wangu wa zamani aliyelazwa kwa kuvunjika mguu, niliwauliza majirani zake wa vitandani kilichowafikisha pale. Mmoja baada ya mmoja alinijibu: pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amevaa kofia ngumu.

Wala si wodi ile peke yake. Waganga wa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ipokeayo wagonjwa wa mikoa hiyo, walichapisha mwaka 2012 hesabu ya majeruhi wa barabarani zaidi ya 1,600. Zaidi ya nusu yao waliumizwa na pikipiki, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la umri wa miaka 21 hadi 30. Daraja la Kigongo-Busisi lilikuwa bado. Lilifunguliwa mwaka 2025. Majeruhi wa Geita aliyepelekwa Bugando kwa njia ya karibu alikuwa hana budi kungoja kivuko.

Basi na tuzingatie. Jambo linalowarudia watu wa rika lile lile, kwa chombo kile kile, lina sababu. Na lenye sababu lina kinga. Shirika la Afya Duniani lasema kofia ngumu iliyo bora hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya theluthi moja, na hatari ya kuumia vibaya kichwani kwa zaidi ya nusu.

Naam, siku ya kufa imeandikwa. Lakini anayempakia mtoto wa watu bila kofia, kisha akaenda mbio, hawezi kuisingizia siku hiyo. Mwili wa abiria ni amana mikononi mwake. Na mzazi anayemnunulia mwanawe pikipiki, amnunulie na kofia mbili, yake na ya abiria, wala asimkabidhi ufunguo kabla hajapata leseni.

Tukishazika na kuwafariji wafiwa, tuulize: alikwenda mwendo gani? Alivaa nini kichwani? Kuuliza hivyo si kuipinga kadari, bali ni kumhifadhi kijana wa pili.

Wabillahi tawfiq.