Kapolowe: paka, panya na maua ya sebuleni

Kapolowe ni pahali pa samaki na mahindi, na penye vitu hivyo panya hawakosi. Kwa hiyo paka hapa ana kazi, si pambo. Pambo ni lile ua la majani mapana yenye madoa meupe, diffenbakia, lililopandwa ndani ya ndoo ya rangi iliyokwisha.

Maji ya jani hilo yana vijiwe vidogo mno, vyenye ncha kama sindano. Paka akilitafuna, mdomo unamwaka: anatoa udenda, anajifuta kwa miguu ya mbele, anakataa hata samaki. Apanguswe mdomo kwa kitambaa chenye maji. Kumnywesha mafuta kwa nguvu hakufai, yanaweza kuingia mapafuni.

Mbaya kabisa ni yungiyungi la dukani (si lile la majini kwenye ziwa Tshangalele), linaloletwa kwa ndoa ao kwa kilio. Paka akilamba unga wake kwenye manyoya, ao akinywa maji ya chombo chake, figo zinaweza kufa ndani ya siku tatu. Hapo ni kutafuta daktari wa mifugo siku ileile, hata kama ni mpaka Likasi. Wengine watacheka: nauli kwa ajili ya paka! Wahesabu kwanza magunia yaliyotobolewa.

Kuweka diffenbakia juu ya kabati ni bure, paka anapanda. Itoke nje. Anayetaka majani ndani apande ule mmea mwembamba wenye mistari, unaoning'iniza watoto wake. Huo hauna sumu kwa paka.